Walisema Risasi

Jumatatu, 24 Machi

Kitabu hiki nimepewa na watu wa mradi. Nyumba yangu ndiyo ya kwanza ukitoka timboni, kule walikochimba mawe, kwa hiyo wameniomba niandike kila siku kama kuna vumbi na kama kuna mvua, mpaka wamalize kusafisha. Mkubwa wao ni kijana wa bara, Phineas. Akaniuliza, "Shosho, unajua kuandika?" Nikamwambia mimi si shosho, niite Hawe Mbeyu kama wanavyoniita wajukuu wangu, na kuandika nilijifunza gumbaru, shule ya watu wazima, kabla mama yako hajaota meno. Akaona haya. Vizuri.

Vumbi: lipo. Mvua: hakuna.

Kitabu kina kurasa mia mbili. Vumbi na mvua havijazi kurasa mia mbili. Nitaandika na mengine.

Jumanne, 25 Machi

Kusafisha timbo! Tangu lini udongo ukaoshwa? Huoshwa sufuria. Huoshwa miguu. Marehemu mume wangu, Masha, alichimba mawe humo miaka kumi na tisa, na nusu ya nyumba za mtaa wetu wa Shika Adabu zimesimama kwa mawe ya mkono wake. Mawe yalipokwisha ikaja kampuni ya kuyeyusha betri kuukuu za magari, ikamwaga majivu yake shimoni miaka minne, ikaondoka bila kuaga. Sasa mradi unasema utayatoa majivu, upafukie, tupate uwanja wa watoto na shamba la mboga la kina mama. Mchicha nitauamini nikiutia mdomoni.

Vumbi: lipo.

Alhamisi, 27 Machi

Leo baraza. Nimerudi na hasira.

Aliyesimama kusema ni mwanamke jirani yangu, Winfred, ambaye siku hizi ni mhudumu wa afya, ana fulana na begi, na ukikohoa tu yuko mlangoni. Akasema, "Jamani, udongo wa timbo una risasi. Tena nyingi. Asiuguse mtu."

Watu wakatazamana. Hapa Likoni neno hilo hulisemi hivihivi. Mwaka wa tisini na saba zilipolia risasi usiku, watu wa bara wakafukuzwa, naye Winfred, Mkamba wa bara, alikimbia na godoro kichwani na binti yake Rosalia mgongoni. Mimi sikumfukuza. Lakini alipopita kwangu akapiga hodi, sikufungua. Masha alisema usifungue, nami sikufungua. Baadaye alirudi akajenga palepale, na neno hilo halijawahi kutajwa kati yetu.

Leo amelitaja mbele ya watu wote. Ati risasi zimefichwa timboni! Timbo la Masha! Maana yake mume wangu alificha bunduki? Nikasimama nikamwambia, "Winfred, kama una la kusema nami, niambie nyumbani kwangu." Akashangaa. "Hawe, mimi nasema udongo." Nikasema, "Udongo huo mimi naujua kuliko wewe," nikatoka. Wengine wakabaki kusomewa makaratasi.

Jumapili, 30 Machi

Kanisani. Sikumsalimu.

Vumbi: jingi, nimefua shuka mara mbili.

Jumatano, 2 Aprili

Mjukuu wangu Janice amekuja kutoka Shanzu, mumewe Baya anafanya kazi hotelini huko. Ana mimba ya miezi sita, ya kwanza, na mimba ya kwanza huletwa nyumbani ikatunzwa na wanaojua. Mama yake alikuwa mwanangu, Mungu alimchukua mapema, basi anayejua ni mimi.

Amefika kakonda. Nikamwambia, "Huko hotelini mnakula maua?" Akacheka, akanikumbatia, akaninong'oneza sikioni, "Hawe, nipe ule udongo wako. Nimeuota."

Mtoto wangu huyu. Nani hajaota udongo wangu? Upande wa chini wa timbo, mbali na majivu, kuna mshipa wa udongo mwororo wa kijivu. Aliuona Masha, nikaujua mimi. Naukata vipande kama mihogo, nauanika, halafu naubanika kwenye chungu cha mama yangu kwa moshi wa vifuu mpaka unukie kama mvua ya kwanza. Kila mwenye mimba hapa mtaani hupitia kwangu kimyakimya. Sichukui hela ya mwenye mimba, naogopa Mungu. Lakini huko dukani wanakouza vitu vyao vya mifuko, hakuna unaoukaribia wangu.

Alhamisi, 3 Aprili

Wameweka mabati kuzunguka timbo, lakini fundi wao mvivu ameacha mwanya kwenye mkwaju. Nimeingia asubuhi na kikapu. Hakuna risasi. Nimechimba miaka yote hii na sijaona hata ganda moja. Winfred mwongo.

Janice amekula vipande vinne, macho yamemng'aa.

Jumatatu, 7 Aprili

Leo nimeona kichekesho. Phineas na wenzake wamevaa mavazi meupe kama maiti waliofufuka, na yeye ameshika kidude chenye umbo la bastola kabisa. Anakielekeza chini, anafyatua, kinalia tii, anasoma namba. Anasogea hatua, anaielekezea ardhi bastola tena.

Nikamwita kutoka uani kwangu. "Ee, unaipiga ardhi imekukosea nini?"

"Natafuta risasi, Hawe."

"Kwa bastola?"

"Hiki kinaiona hata kama macho hayaoni."

"Na ukiipata?"

"Tunaichimba, tunaitia gunia, inaenda mbali."

Nikamwambia atafute sana, hatapata. Akasema, "Nimeshapata, Hawe. Iko kila mahali." Tena kwa huruma, kama mtu anayemwambia mtoto. Nikaingia ndani. Iko kila mahali! Wangekuwa na risasi hizo zote mwaka ule, nani angebaki Likoni?

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Mvua ya kwanza ya masika, saa nane mchana, kubwa. Vumbi limelala.

Jumanne, 22 Aprili

Mvua.

Jumatano, 23 Aprili

Mvua. Lori limekwama. Maji ya timboni yamepita uani kwangu yakaacha tope la kijivu mpaka kizingitini.

Jumatatu, 28 Aprili

Mvua. Janice analalamika tumbo. Hajapata choo siku tano. Nikamwambia wasichana wa siku hizi mimba kwenu ni ugonjwa, mimi mimba ya mama yako nilibeba ndoo za maji mpaka siku ya uchungu. Nimempa papai, na udongo kidogo wa kutuliza.

Ijumaa, 2 Mei

Vumbi: hakuna. Mvua: asubuhi tu. Magunia ya majivu yametolewa malori saba. Nayahesabu nikipika.

Jumanne, 6 Mei

Winfred alikuja na begi lake. Anataka kumpima Janice damu, ati nyumba zote za mpakani zinapimwa, wenye mimba kwanza. Nikasimama mlangoni. Nikamwambia, "Mjukuu wangu ana wa kumtunza."

Akasema, "Hawe, mwache mwenyewe aseme."

Janice akaitika kutoka ndani, "Abee?" nikamwambia lala. Winfred akanitazama. Ana macho ya mtu aliyewahi kusimama mbele ya mlango huu. Akaenda zake.

Nimeandika hili kwa kuwa halinitoki.

Jumatatu, 12 Mei

Mvua. Kichwa kinamuuma. Anasema chakula chote kina ladha ya sarafu mdomoni. Nikamwambia ataacha lini kudeka. Udongo peke yake ndio anaousikia utamu, basi nimembanikia mwingine, mwanya wa mkwaju bado upo.

Jumamosi, 17 Mei

Mvua. Mvua. Mvua.

Jumatano, 21 Mei

Mvua. Kesho watu wa mradi wanapima nyumba na nyua, kwa sababu ya lile tope. Nimefagia. Wasiseme kwa Mbeyu kuchafu.

Alhamisi, 22 Mei

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Phineas alikuja saa nne na kibastola chake, na Winfred nyuma yake na daftari. Wakapima ua. Tii. Wakapima kizingiti. Tii. Phineas akaomba kuingia jikoni, nikamwambia ingia, kuna panya tu na heshima yangu. Akacheka. Akapima sakafu, mafiga, kinu. Halafu akapitisha kile kidude juu ya chungu cha mama yangu, na ungo uliokuwa kando na vipande vya jana.

Hakucheka tena. Akapima mara ya pili. Akakipangusa kidude, akapima mara ya tatu.

"Hawe, hivi ni nini?"

"Ni udongo. Hujawahi kuona udongo?"

"Umetoka wapi?"

Nikaona atanishtaki kwa kupenya mabati.

"Hawe, hapa risasi ni nyingi kuliko uani mara kumi. Huu ni wa kazi gani? Wa kupaka ukuta?"

Nikasema ndiyo. Wa ukuta. Mungu anisamehe, nilisema hivyo, na wakati huohuo Janice akaingia kutoka kuoga, kanga kifuani, akanyoosha mkono akachukua kipande kwenye ungo, akakitia mdomoni mbele yetu sote.

Winfred alipiga ukelele. Akamrukia, akamshika taya kama unavyomshika mbuzi, akatia kidole mdomoni mwake akakitoa kile kipande. Nikamsukuma. Nikamwambia, "Umerukwa na akili! Risasi gani hiyo iliyo mdomoni? Iko wapi? Nionyeshe! Nimekula udongo huu, binti yangu ameula, tungevunjika meno!"

Phineas akanitazama, akamtazama Winfred, akauliza polepole, "Hawe, wewe ukisikia risasi unasikia nini?"

"Nasikia risasi! Ya bunduki!"

Akakaa chini. Palepale sakafuni na mavazi yake meupe. Akasema, "Ooh, Hawe. Si hiyo. Ni madini. Iko ndani ya betri. Ile nyeusi, nzito, laini." Akatafuta maneno. Akauliza mume wangu aliwahi kuvua. Nikasema alivua. Akasema, "Ule mshipi wake, mwishoni alifunga nini cha kuuzamisha?"

"Chubwi."

"Basi. Ni hiyo chubwi. Imeyeyuka kwenye majivu, mvua imeiteremsha, imeingia kwenye udongo. Ni sumu. Ukiila inakaa kwenye mifupa. Mwenye mimba inapita kwa mtoto."

Chubwi! Chubwi naijua tangu sijavaa kanga. Mama alitupiga makofi tukitia chubwi mdomoni. Miezi miwili wanatembea mlangoni kwangu wakisema risasi, risasi, na hakuna aliyefungua kinywa akasema chubwi.

Lakini kwenye baraza walieleza. Walikuwa na makaratasi yenye picha ya betri, Janice amewauliza majirani jioni hii, wanasema walipewa. Mimi nilikuwa nimeshatoka.

Ijumaa, 23 Mei

Tumempeleka Janice kupimwa. Winfred alimshika mkono upande mmoja, mimi upande mwingine. Mvua: sikutazama.

Jumanne, 27 Mei

Majibu. Namba ya kuanza kuogopa ni tano. Ya Janice ni ishirini na nane.

Daktari msichana mdogo. Nikamwambia mtoe damu yote umtie yangu. Akasema haifanyi kazi hivyo, bibi. Dawa ya kwanza ni kuacha. Halafu maziwa, mboga, vidonge, kupimwa kila wiki mbili. Nikauliza, na aliye tumboni? Akasema, "Tutajua akizaliwa." Nikauliza tena kwa sauti nyingine, kama nilivyokuwa nikiwauliza watoto wakidanganya. Jibu lilikuwa lilelile.

Baya amekuja kumchukua mkewe wakae Shanzu. Hakunitukana. Alichukua mfuko wa nguo, akasema, "Shikamoo, Hawe," akaenda. Heri angenitukana.

Jumapili, 1 Juni

Sikwenda kanisani.

Jumatano, 4 Juni

Mvua. Winfred alisimama nje ya ua. Akauliza, "Hawe, ni Janice peke yake?"

Nikasema, "Peke yake."

Mara ya pili nimesema uongo mwaka huu, na yote kwa udongo.

Alhamisi, 5 Juni

Ni hivi. Miaka sita imepita tangu kampuni ile imwage gunia la kwanza. Katika miaka hiyo sita nimewapa udongo wanawake, nawajua mmoja mmoja, nani alipenda uliobanikwa sana, nani alipenda laini. Mmoja wao ni Rosalia, binti yake Winfred. Alikuja kwa siri kwa kuwa mama yake alimkataza, sisi wazee tulikuwa hatusalimiani vizuri, nami nilimpa kwa raha. Nilijisemea, tazama, Mkamba naye binti yake anakuja kwangu.

Mtoto wa Rosalia ni Sarah. Ana miaka minne na hajasema neno. Hata "mama". Nimewahi kusema kisimani mbele ya watu kwamba mtoto ni bubu kwa kuwa mama yake hamsemeshi, ameshika simu tu. Watu walicheka. Mimi ndiye niliyesema.

Phineas ameniambia wakimaliza mwezi ujao watachukua kitabu hiki. Nimezishika hizi kurasa. Karatasi hazina nguvu, ukivuta kidogo zinatoka. Vumbi na mvua ningeviandika upya kwenye ukurasa safi.

Ijumaa, 6 Juni

Sijazichana. Sijalala pia.

Jumamosi, 7 Juni

Nimekwenda kwa Winfred asubuhi. Nikapiga hodi. Akafungua, na mimi nikabaki nimeduwaa, kwa sababu njiani nilikuwa nimejiambia hatafungua, na nitakuwa nimestahili.

Sarah alikuwa amekaa mkekani anapanga vizibo vya soda. Rosalia alikuwa akifua nyuma. Nikakataa kiti. Nikasema nikiwa nimesimama, maana nikikaa nitaanza hadithi. Nikasema, "Rosalia alikula udongo wangu. Mimba nzima. Nilimpa mimi."

Winfred akamtazama Sarah, na vile vizibo. Alitazama muda mrefu sana. Maji ya kufulia yakanyamaza kule nyuma, nikajua Rosalia amesikia.

Halafu Winfred akasema kwa sauti ndogo, "Miaka yote nilidhani sababu ni usiku ule wa kukimbia. Nilimkimbiza Rosalia mvuani, akapata homa. Nikadhani niliuharibu uzazi wake mimi. Nilimwomba Mungu msamaha kila Jumapili."

Sikujua. Wallahi, na mimi si Mwislamu, sikujua.

Nikasema, "Labda si udongo. Daktari atasema."

Akasema, "Daktari hataweza kusema. Vumbi la kiwanda lilikuwa mlangoni kwangu pia. Usijipe hata hilo jibu, Hawe, na mimi usinipe."

Rosalia akaja mlangoni, mikono imejaa povu. Nilitaka anipige. Akanitazama kama anayesoma maandishi ya mbali. Akasema, "Ulikuwa mtamu," akarudi kufua.

Winfred akafungua begi akatoa kalamu. "Kitabu chako unacho?"

Nilikuwa nacho kwapani.

"Andika majina. Wote. Waliokula na watoto wao, na nyumba zao. Nitawapitia mmoja mmoja wapimwe. Nani wa kwanza?"

Niliandika tarehe, nikaishia hapo.

Akasema, "Rosalia. Andika, Hawe. Halafu Sarah."

Wako ukurasa wa kati wa kitabu hiki. Wanawake thelathini na saba. Nilidhani kumi na tano.

Jumatatu, 16 Juni

Mvua ndogo. Tumezunguka na Winfred nyumba tisa. Kila nyumba nasema mimi, hapimi mpaka nimesema. Na sisemi risasi. Nasema chubwi. Wazee wanashika vichwa palepale. Mmoja alinimwagia maji. Nikajipangusa, tukaenda nyumba ya pili.

Ijumaa, 20 Juni

Sarah: thelathini na moja. Ameanza vidonge.

Alhamisi, 26 Juni

Timbo limetandikwa karatasi nene nyeusi, juu yake wanamwaga udongo mwekundu kutoka mbali, malori kwa malori. Nimempelekea Phineas chungu cha mama yangu. Akasema, "Hawe, tunaweza kujaribu kukiosha." Nikamwambia hakioshwi, zamani nilisema udongo ndio hauoshwi, kumbe ni chungu. Nikakivunja na jiwe, tukakitia kwenye gunia la mwisho. Akakaza kamba.

Jumanne, 8 Julai

Janice amejifungua Shanzu, msichana. Kilo mbili na robo. Amepewa jina la mama yake Baya, kama inavyotakiwa. Damu ya mtoto: kumi na moja. Analia vizuri. Nimemsikia kwenye simu, nikamwambia Baya aiweke karibu zaidi.

Jumamosi, 19 Julai

Amekuja. Baya mwenyewe amewaleta, wakae wiki moja. Ua wangu umetolewa tope lote na kuwekwa kokoto mpya, jikoni pamepimwa mara tatu, kidude hakilii tena.

Phineas amekuja kuchukua kitabu. Akasema mradi utanakili vumbi na mvua tu, mengine ni yangu, nikitaka atayakata kwa makasi taratibu. Nikamwambia ukikata hata herufi, nitakuita mwizi mbele ya baraza. Winfred anakuja saa kumi na moja kunakili majina, halafu kiende. Namalizia hapa.

Saa tisa imenyesha. Mvua fupi, kwenye udongo ule mwekundu ambao bado haujaota kitu. Harufu ikaja mpaka ndani. Janice alikuwa ananyonyesha dirishani. Nikamwona ameinua pua, amefumba macho, na mate yanamjaa mdomoni. Nilijua, kwa kuwa yangu pia yalijaa.

Nikamwambia, "Funga dirisha."

"Hawe, huu ni msafi. Wameupima."

"Najua wameupima. Funga."

Akafunga.